Vito Vinavyozima Mchana

Kazi ilikuwa imelala mezani chini ya taa, inapendeza: mozaiki ya kuwekwa dirishani, yaani picha ya vipande vya kioo vilivyobandikwa juu ya bamba la kioo. Ndege mmoja mkubwa, manyoya yake vipande vya kioo cha buluu na kijani, mkia wake shanga zilizopangwa safu kwa safu, na kuuzunguka mwili mzima mstari wa vito vya kung'aa, vile vidogo vinavyobandikwa kwenye magauni ya harusi. Kila ukisogeza kichwa, vilikuwa vinakukonyeza. Vingine vilikuwa vimetawanywa kifuani. Dada aliyeitengeneza akaishika fremu kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani, akaiinua mpaka mwanga wa mchana ukaingia kwa nyuma.

Vito vyote vikawa vyeusi.

Havikufifia tu. Vilizima kabisa, vikabaki nukta nyeusi ti. Papo hapo vile vipande vya kioo, ambavyo mezani vilikuwa vimepoa bila makuu, vikawaka vyote kwa pamoja, na buluu ikamwangukia usoni na kifuani.

"Dada, mbona vimezima?" akaniuliza.

Nilimjibu palepale, na jibu lilikuwa sahihi. Hata hivyo swali lake limenikaa kichwani kwa wiki nyingi, kwa sababu jioni ileile, tulipowasha taa, ndege aligeuka tena. Rangi zilizama, vito vikafufuka kimoja kimoja. Nikaenda kulala nikijiuliza ni ndege gani hasa tuliyekuwa tukimtazama, na dirisha la namna hii hutengenezwa kwa ajili ya saa ngapi ya siku.

## Mgongo wa fedha

Kigeuze kito cha aina hiyo uangalie nyuma yake. Utaona tabaka jembamba la rangi ya fedha au dhahabu, mara nyingi limepakwa rangi nyingine juu yake ili lisikwanguke. Huo ndio mgongo wake. Mwanga unaingia kwa mbele, unagonga mgongo, unarudi kupitia zile nyuso zilizochongwa na kumfikia mtazamaji ukiwa umekatikakatika. Kito hakina mwanga wake. Kinarudisha kile kilichopewa.

Na kinarudisha kwa upande mmoja tu. Mwanga ukitokea nyuma, unakutana na ukuta.

Ukijua vito hivi vilikotokea, huoni ajabu. Georg Friedrich Strass, sonara aliyefanya kazi Paris katika karne ya 18, alijipatia jina kwa vito vya kioo chenye madini mengi ya risasi, vilivyochongwa viige almasi, na mwaka 1734 akawa sonara wa mfalme wa Ufaransa. Vito vyake vilivaliwa shingoni na masikioni, mahali ambapo nyuma kuna ngozi na nguo, na mbele kuna mishumaa. Mwaka 1892 Daniel Swarovski alisajili hataza (haki ya mvumbuzi) ya mashine ya umeme ya kuchonga vito vya kioo, na vitu vilivyokuwa vya kumbi za wakubwa vikaanza kumfikia mshonaji wa kawaida. Safari yote hiyo kito kilikuwa kinaandaliwa kwa ajili ya mwili wa mtu.

Dirisha lina ukoo mwingine. Kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, ambalo vioo vyake vingi viliwekwa mwanzoni mwa karne ya 13, linategemea mwanga unaopenya kioo. Kobalti iliyoyeyushwa ndani ya kioo hunyonya rangi nyingine na kuiachia buluu ipite. Simama nje mchana uvitazame vioo vilevile, utaona mabamba ya kijivu yaliyochorwa mistari.

Sasa nenda Ravenna, Italia, kwenye kanisa la San Vitale lililowekwa wakfu mwaka 547. Pale mozaiki ziko ukutani. Kila kipande cha dhahabu ni karatasi nyembamba ya dhahabu iliyobanwa kati ya matabaka mawili ya kioo, na mafundi walivipachika vipande hivyo kwa mwinamo tofautitofauti ili kila kimoja kirudishe mwanga kwa pembe yake. Nyuma ya dhahabu kuna ukuta, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Ndege wa yule dada alikuwa na Chartres kwenye manyoya na Ravenna pembezoni. Nusu yake ilitaka mwanga wa nyuma, nusu ilitaka mwanga wa mbele, na dirisha halitoi vyote viwili kwa saa moja.

## Ushauri wa kawaida

Mafundi wengi wa mozaiki za kioo juu ya kioo watakwambia neno moja: kwenye dirisha tumia vito visivyo na mgongo. Vinauzwa hivyo, au mgongo unakwanguliwa. Ndivyo nilivyomwambia yule dada.

Lakini ushauri huo una bei yake.

Kito kisicho na mgongo, kikiwa mkononi, bado kinang'aa. Mwanga uliokwisha kuingia ndani ya kioo ukifika ukingoni mwa kioo na hewa kwa mlalo wa kutosha (kwa kioo cha kawaida ni kuanzia nyuzi 41 hivi, ukipima kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso) hautoki. Unarudishwa ndani wote. Hewa iliyo nyuma ya kito ndiyo inayofanya kazi ya mgongo. Sasa kibandike kwenye bamba la kioo kwa gundi angavu. Hewa imeondoka. Gundi na kioo hupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo mwanga haukuti mpaka wa maana pale, unapita na kwenda zake. Kito kinageuka nundu ya kioo yenye pembe.

Nundu hiyo nayo haikosi uzuri. Jua likiipiga moja kwa moja, kila uso uliochongwa unatupa ukutani doa dogo lenye rangi za upinde wa mvua, na madoa hayo hutembea chumbani kadiri jua linavyosogea. Watoto huyafukuza. Ila lazima liwe jua lenyewe, lisilofunikwa. Siku ya mawingu mwanga hutoka kila upande wa anga, rangi zinachanganyikana na kurudi kuwa nyeupe, na kinachobaki ni nundu. Usiku hata nundu huioni.

Yaani unamwambia mtu akiondolee kito mgongo ili kiweze kuishi dirishani, na akishauondoa, kile kilichomfanya akipende hakipo tena.

Kwa nini basi tusibaki na kioo cha rangi peke yake?

Swali hilo nililizungusha muda mrefu. Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaosema wazi kwamba vito ni vya nguo na vinalishusha dirisha. Nawaelewa, ila siwezi kuwafuata, kwa sababu naona watu wanavyoingia kwenye kazi hii. Wengi hawaji na kioo. Wanakuja na kopo. Ndani ya kopo kuna hereni moja iliyopoteza mwenzake, mkufu uliokatika, shanga za gauni la mtoto ambaye sasa ni mtu mzima, vito vilivyodondoka kwenye nguo ya mama ambaye hayupo. Wanataka vitu hivyo vikae mahali vitakapoonekana kila siku. Kumwambia mtu huyo kwamba vitu vyake havina hadhi ya dirisha ni kumfukuza kwenye kazi kabla hajaianza.

## Dirisha baada ya magharibi

Kilichonigeuza ni usiku.

Bamba la kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake, jumla kama asilimia 8. Mchana huioni hiyo asilimia 8 kwa kuwa mwanga wa nje unaifunika. Usiku nje hakuna cha kushindana nayo, na ndiyo maana ukisogea dirishani unajiona mwenyewe. Vipande vya rangi navyo vinapata mwanga wa taa, lakini sehemu kubwa inapenya na kupotelea gizani. Kile kidogo kinachorudi kutoka uso wa mbele kimerudi kabla ya kuigusa rangi. Ndiyo sababu buluu nzuri kuliko zote, usiku, kwa mtu aliye ndani, ni nyeusi.

Halafu fikiria mtu anayetoka kazini giza limeingia. Saa anazokaa na dirisha lake ni saa za taa. Dirisha la rangi, lile tunalopigania sisi mafundi, analiona siku za mapumziko. Sisi tunapiga picha kazi zetu saa nne asubuhi, jua likiwa nyuma, na tunavitathmini vitu hivi kwa picha hizo. Kazi ikiingia nyumbani inaishi maisha mengine.

Unaweza kuvuta pazia jeupe nyuma ya kazi. Mwanga wa taa utapita kwenye rangi, utagonga pazia, utarudi kupitia rangi ileile mara ya pili, na rangi itaonekana iliyokolea. Inasaidia pale pazia linapokaribia kioo; likiwa mbali, mwanga unapotea njiani.

Mpita njia ndiye anayefaidi. Kwake yeye aliye nje, taa ya chumbani ndiyo mwanga wa nyuma, kwa hiyo rangi zote anazipata.

Mwenye nyumba anabaki na vito.

Nilipofika hapo nikaacha kuuona mgongo wa fedha kama kasoro inayohitaji tiba. Vito vile vilikuwa na zamu yao. Kilichobaki ni kuvitafutia kazi ya mchana.

## Mahali pa risasi

Kazi hiyo ilikuwepo tangu zamani.

Kwenye dirisha la vioo vya rangi la kale, vipande hushikiliwa na vipande virefu vya risasi, ile metali laini ya kijivu, vyenye umbo la herufi H ukivikata na kuvitazama kwa ncha. Kioo kimoja kinaingia huku, kingine kule. Risasi haipitishi mwanga hata chembe. Mchana ni mistari myeusi. Na mafundi wa zamani waliitumia hiyo mistari kuchorea: nyusi, kunjo la vazi, ukingo wa bawa. Ilikuwa lazima pia kwa macho. Mwanga mkali humwagikia jirani yake, na buluu iliyo karibu na nyekundu bila kitu cheusi katikati huanza kuichafua. Weusi ndio unaozizuia rangi zisiingiliane.

Nikaomba ile kazi ya ndege niiangalie tena, safari hii kwa mbali, mchana, kutoka upande wa pili wa chumba. Vito vya kifuani vilionekana matundu. Lakini vile vilivyouzunguka mwili vilikuwa vimekaa palepale ambapo fundi wa Chartres angepitisha risasi, na kwa ajili yake ndege alisomeka wazi kuliko sehemu nyingine yoyote ya picha.

Basi hilo ndilo ninalolisema sasa kwa kila anayeniuliza. Kito chenye mgongo kiweke pale ambapo ungetaka mstari mweusi. Mchana kifanye kazi ya risasi, usiku kifanye kazi yake.

Ukianza kufikiri hivyo, mambo mengi yanapangika yenyewe. Rangi ya kito, kwa mfano, haina uzito wowote mchana: chekundu, cha asali, cheupe, vyote ni vyeusi. Kwa hiyo rangi unaichagua kwa ajili ya usiku peke yake, na uko huru kabisa. Ukubwa ndio unaotawala mchana. Mstari wa vito vya milimita 2 humezwa na mwanga ukikaa hatua chache tu. Ninaona saizi ya SS16, ambayo ni takriban milimita 4, ndiyo inayoanza kusimama. Na vito viguse, kwa sababu kila mwanya unavujisha mwanga na mstari unatoka meno kama msumeno. Grauti nyeusi (saruji laini ya kujazia mianya) ikijaa katikati yake inaziba mianya hiyo na mstari unakuwa mmoja.

Kazi itakayotazamwa pande zote mbili inahitaji jambo la ziada, maana aliye nje ataona migongo mitupu kupitia kioo. Bandika kito kingine upande wa pili wa bamba, mgongo ukielekea mgongo. Unatumia vito mara mbili, lakini mstari mweusi wa mchana unabaki mmoja.

## Shanga zenyewe zina tabia tatu

Shanga angavu hufuata sheria ya kioo cha rangi: mchana zinawaka, usiku zinazima. Shanga zisizopitisha mwanga ni risasi tupu mchana, na usiku zinaonyesha rangi yake tulivu bila kung'aa. Aina ya tatu ndiyo ninayoipenda: zile zenye fedha tunduni. Kioo cha shanga ni angavu, ila ukuta wa tundu umepakwa fedha. Ukiitazama kwa karibu dirishani, unaona uzi wa giza katikati na ukingo wa rangi pande zote mbili. Ukiwasha taa, uzi uleule unawaka. Haishindi kioo mchana wala haishindi kito usiku, lakini ndiyo pekee iliyo macho saa zote, hata ile saa ya magharibi ambapo nje kumeanza kufifia na taa bado haijapata nguvu.

Tundu la shanga lilale, lisimtazame mtu. Likimtazama, grauti inaingia na unapata kidoa cha saruji katikati ya kila shanga. Zitunge kwanza kwenye uzi, nyoosha safu, ziweke juu ya gundi, na uzi uuvute gundi ikianza kushika. Halafu shanga za waridi na zambarau zichunguze kabla ya kuziamini. Baadhi zimepakwa rangi tu, na jua huila. Weka chache kwenye kizingiti cha dirisha, nusu yake ukiifunika kwa karatasi nzito, uziache majuma kadhaa, kisha funua ulinganishe.

## Gundi inayokula fedha

Hapa naomba msomaji apunguze mwendo, kwa sababu hapa kazi nyingi hufa polepole.

Silikoni ya kawaida ya madirisha inanuka siki inapokauka. Harufu ile ni asidi, na asidi hiyo huushambulia mgongo wa fedha. Mafundi wa vioo wanalijua hili kwa sababu ya vioo vya kujitazamia, ndiyo maana kwa vioo hivyo hutumia silikoni isiyo na asidi. Vito vyako ni vioo vidogo vya kujitazamia. Vipe gundi ileile. La sivyo, baada ya muda utaona doa jeusi likitambaa kutoka ukingoni, na hakuna namna ya kulirudisha.

Gundi ya epoksi haina shida hiyo, nayo hukauka kwa kuchanganya sehemu zake mbili bila kungoja hewa, ilhali silikoni inahitaji unyevu wa hewani na chini ya kipande kipana katikati hubaki mbichi muda mrefu. Lakini epoksi nyingi hugeuka njano zikipigwa na jua. Chini ya kito chenye mgongo njano hiyo haionekani kwa aliye ndani; chini ya kioo cheupe inaonekana kweupe. Kwa hiyo kwenye kazi moja natumia gundi mbili na sioni tatizo.

Namna ya kuweka: tone dogo kuliko kito, kisha kibano, kisha kidole kimoja. Bonyeza mpaka pete nyembamba ya gundi itokeze pembeni, uache hapohapo. Ikipanda juu ya nyuso zilizochongwa, mng'ao umekwisha. Kwenye kioo cha rangi na shanga angavu, inua bamba utazame kwa chini kabla gundi haijashika. Kiputo cha hewa kilichonaswa huonekana kama kisarafu cha fedha, na dirishani kitakuwa kitu cha kwanza jicho kukiona.

Vito vya plastiki viepuke kwenye kazi ya kudumu. Vinakwaruzwa na grauti, na vingi havivumilii jua la miaka. Kuvitambua, kigusishe kito mdomoni: cha kioo ni baridi, cha plastiki hakina baridi hiyo.

Grauti iwe ile isiyo na mchanga, maana mchanga unakwaruza kioo. Nyuso za vito zifunike kwa utepe wa karatasi, na uvae glavu na barakoa. Saruji inachoma ngozi na vumbi lake halifai mapafuni.

Na usibandike moja kwa moja kwenye kioo cha dirisha la nyumba. Grauti nyeusi na migongo ya vito hunyonya joto la jua, katikati ya kioo kunapata moto huku kingo zilizofichwa ndani ya fremu zikiwa zimepoa, na kioo kinapasuka. Tengeneza bamba la kuning'inizwa. Hesabu uzito mapema: kila milimita ya unene wa kioo ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Bamba la sentimita 60 kwa 80 lenye kioo cha milimita 3 na tabaka lingine la unene huohuo juu yake linakaribia kilo 7.2, kabla ya grauti na vito. Ndoano za picha za ukutani haziwezi kuaminiwa na mzigo huo.

## Michoro miwili

Siku hizi kabla ya kukata kioo nachora mara mbili. Karatasi ya kwanza ni nyeupe: rangi zote za kioo, na kila kisichopitisha mwanga nakipaka penseli nyeusi, kiwe grauti, shanga au kito. Karatasi ya pili ni nyeusi, na juu yake naweka kwa penseli nyeupe vito na shanga za fedha peke yake.

Ile karatasi nyeusi imenifungulia jambo ambalo sikulitarajia. Mchana mstari wa grauti na mstari wa vito ni mweusi uleule. Jicho haliwezi kuvitenganisha kwa mbali. Usiku mmoja unapotea na mwingine unabaki. Maana yake unaweza kuamua mistari ipi iamke. Si lazima picha ya usiku iwe picha ya mchana iliyofifia. Inaweza kuwa picha nyingine kabisa iliyokuwa imekaa ndani ya ile ya kwanza.

Ninayoianza sasa mchana itakuwa maji: mawimbi yanayopishana, mistari mingi inayokatana, kijani ikiingia buluu. Karibu mistari yote ni grauti. Michache tu, iliyochaguliwa kati ya mawimbi, ni vito, na hiyo ikibaki peke yake inachora samaki mmoja mkubwa kutoka kona hadi kona. Kilichonichukua muda mrefu ni jicho lake, maana haliwezi kujificha kwenye mstari wowote. Lazima likae peke yake katikati ya mwanga. Nimeliweka lilivyo, kito kimoja kikubwa chenye mgongo. Mchana litakuwa nukta nyeusi majini, na atakayeliona mapema atakuwa ameshamwona samaki.